Jina la Katikati ni Nyumba Yangu

Butiama, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Apolinary,

Hujambo huko Musoma? Sisi hatujambo. Mguu wangu wa kushoto unaniumaga asubuhi tu, jua likipanda unanisamehe. Mihogo imekubali mwaka huu, ila mtama ndege wameufanyia sherehe. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Mtoto wetu naye ana wiki sita, ananenepa. Mama yake, mke wangu Justina, naye hajambo, ndiye anayeandika haya ninayosema, maana macho yangu unayajua, na shule yangu unajua iliishia darasa la ngapi na nilikuwa nimembeba nani mgongoni.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Jirani yangu Skolastika aliporudi juzi kutoka sokoni Musoma alinipa bahasha yako. Nilifurahi, kumbe mjinga mimi. Nikamwambia Justina, fungua, hicho ni cheti cha mtoto. Akafungua, akasoma kimya. Nikamwambia soma kwa sauti, hapa si kanisani. Akasoma: Debora Apolinary Magesa.

Nikasema rudia. Akarudia.

Apolinary, huyo ni nani? Mimi nilimpa Skolastika karatasi ya zahanati na karatasi nyingine yenye majina matatu, yameandikwa kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, hata kipofu angeyasoma kwa vidole. WANKURU, jina la mama yetu. BOKE, mimi. MUGETA, marehemu mume wangu, ambaye nimekaa kwenye mji wake miaka thelathini na tisa. Nikasema mdogo wangu amekuwa karani wa shule maisha yake yote, fomu anazijua kuliko anavyojua kupika ugali, atanisaidia. Umenisaidia! Majina yangu yote matatu umeyatupa, ukaweka mke wako, ukajiweka wewe, ukamweka na baba yetu mkiani. Hukubakiza hata herufi moja ya nyumba hii.

Nilikupigia simu. Ukasema "dada, tutaongea," ukakata. Nikapiga tena, haipatikani. Sawa. Barua haikatwi.

Unajua vizuri kwa nini nilimwoa Justina. Mimi na Mugeta hatukupata mtoto. Alipokufa, ndugu zake walianza kupima uwanja wangu kwa hatua wakati hata matanga hayajaanuliwa. Nikatoa ng'ombe wangu, niliowakuza mwenyewe, nikaoa mke kama mila yetu inavyoniruhusu, ili nyumba yangu izae. Mwanaume aliyemzaa mtoto hatajwi, wala hana neno. Mtoto ni wa Boke. Jina la katikati ndilo nyumba yenyewe! Nikifa kesho, mashemeji watachukua hicho cheti chako watasema, huyu mtoto ni wa Apolinary wa Musoma, arudi kwa baba yake, na huyo Justina afunge mizigo. Na watakuwa na karatasi ya serikali mkononi. Umewapa wewe.

Na usiniambie jina la Wankuru nimelitoa kichwani. Mtoto alilia siku tatu anakataa titi. Tukakaa wanawake, Justina akamweka kifuani, tukawa tunaita majina ya mama zetu waliotangulia, moja moja, kama tunavyofanyaga. Nilipoita Wankuru akashika titi akanyonya. Amejichagulia mwenyewe. Skolastika alikuwepo. Ila usimuulize, yule mdomo wake hauna mlango.

Rudisha majina yangu.

Dada yako,
Boke


Nyasho, Musoma
2 Aprili 2024

Kwa Dada Boke Mugeta,
Butiama.

YAH: CHETI CHA KUZALIWA CHA MTOTO WA KIKE

Shikamoo dada. Mimi ni mzima wa afya. Hali ya hewa hapa ni mvua za asubuhi, na ziwa limechafuka kiasi, dagaa hawaonekani. Paa la jiko linavuja upande wa kusini, nitaliangalia. Jumuiya yetu imenichagua tena kuwa katibu kwa kipindi cha pili. Pasaka niliila kwa majirani.

Rejea barua yako ya tarehe 9 Machi, ambayo nimeisoma kwa makini na kwa masikitiko kutokana na lugha iliyotumika.

Napenda kukufahamisha kwamba fomu ina nafasi ya jina la baba. Baba ni mwanaume. Nisingeweza mbele ya karani kijana kuandika kwamba baba wa mtoto anaitwa Boke. Angenicheka, na ofisi nzima ingecheka. Marehemu shemeji Mugeta naye ana miaka kumi na tano kaburini, nisingeweza kumsingizia. Kwa hiyo, ili mtoto asikose cheti, nilijitolea jina langu kama mjomba. Nilidhani utanishukuru.

Kuhusu jina la kwanza, Debora ni jina la Kikristo, ni zuri, na lipo kwenye Biblia. Sioni haja ya maelezo zaidi.

Mambo ya nyumba ntobhu ulijua msimamo wangu tangu mwanzo. Mwanamke kuoa mwanamke, mimi kama kiongozi wa jumuiya, sikuweza kuyabariki, lakini sikukuzuia. Naomba tulifunge suala hili.

Wasalaam,
Apolinary Magesa


Butiama, 7 Aprili 2024

Apolinary,

Hatujambo. Mguu vilevile. Ndama amekufa.

Usiniandikie YAH. Mimi si ofisi. Mimi nilikutemea mate ya uji mdomoni ukiwa huna meno, leo unaniambia "rejea barua yako"? Justina alipofika hapo kwenye "masikitiko kutokana na lugha" alicheka hadi mtoto akaamka. Mimi sikucheka.

Eti ulijitolea! Mtu anajitolea kuchimba kisima, anajitolea kubeba mgonjwa. Nani kakuambia mtu anajitolea kuchukua mtoto wa mwenzake? Ulikwama kwenye fomu, kwa nini hukuniuliza? Simu unayo. Nafasi ya baba ungeiacha wazi, kuna watoto wangapi Tanzania hii nafasi ya baba iko wazi na wanasoma na wanakula? Hukukwama wewe. Ulifika ukaona nafasi tupu ukakaa.

Na hapo kwenye msimamo wako ngoja nikukumbushe, maana naona ukatibu umekupa usahaulifu. Siku nilipomleta Justina hapa, ng'ombe wamekabidhiwa, wazee wamekaa, watu wamekula, wewe peke yako ndugu yangu wa tumbo moja hukuja. Uliandika kikaratasi: "Siwezi kuonekana huko." Watu wakaniuliza, ndugu yako yuko wapi? Nikasema ana homa. Nilidanganya mbele za watu kwa ajili yako. Uliona aibu kula nyama ya ndoa yangu, leo huoni aibu kuchukua mtoto wa ndoa hiyohiyo ukampachika jina lako? Ndoa ni ya kipagani, mtoto ni wa Apolinary! Mungu gani huyo anayekubali hivyo? Mwulize padre wako.

Na hilo la Debora nalo unaniambia "sioni haja ya maelezo." Mimi naona haja. Debora mke wako nilimpenda, na alipokufa mwaka jana nililala kwenye mkeka wako siku tisa. Lakini Debora hakuzaliwa kwetu. Alikuja kwa ndoa kutoka Kibara. Mtoto aliitwa majina ya mama zetu, akachagua Wankuru. Alinyonya. Mimi niliona.

Justina hapa amesimamisha kalamu. Nimemwambia andika. Ameandika.

Barua hii simpi Skolastika. Nampa dereva wa gari la misheni.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi.

Boke


Butiama, 19 Mei 2024

Apolinary,

Hujambo? Hatujambo. Mtoto ameanza kushika vitu.

Mwisho wa mwezi umepita na mwezi mwingine uko katikati. Dereva anasema alikupa barua mkononi, ukiwa umekaa barazani na redio. Basi hujafa. Mwuguzi wa kliniki ameanza kumwita mtoto kwa jina la kwenye cheti, anasema "Debora Apolinary, mlete kwenye mzani," na kina mama wote wananigeukia. Shemeji yangu mmoja alikuwepo, amemleta mjukuu wake. Alitabasamu, Apolinary. Nimeishi na huyo mtu jirani miaka yote hii, sijawahi kumwona akitabasamu.

Unasubiri nini? Nife?

Boke


Musoma, 30 Juni 2024

Dada Boke,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika barua nne nikazichana.

Sina habari za nyumbani. Jiko bado linavuja. Nasogeza sufuria.

Nimekwenda ile ofisi mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi. Mara ya pili niliingia. Yule karani kijana, ambaye nilikuambia angecheka, hakucheka. Alisema mama wa mtoto aje, na mimi nije, tuandike kiapo kwamba mimi si baba na kwamba nilijaza isivyo. Nafasi ya baba itaachwa wazi, na majina matatu ya mtoto mama atachagua anayotaka. Aliniuliza, "Mzee, kwa nini ulijaza hivi?" Nikamwambia nilikosea. Akasema, "Mtu hakosei akaandika jina lake mwenyewe vizuri namna hii."

Kwa hiyo nakuambia wewe. Sikukosea. Nilifanya makusudi.

Dada, mimi na Debora tulikaa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu duniani anayeitwa kitu fulani Apolinary. Nilikusema sana wewe na ng'ombe wako. Nilisema kwenye jumuiya, mbele ya watu, kwamba mtoto ni zawadi, akikosekana mtu apokee. Mimi nilikuwa sipokei. Nilikuwa naongea tu. Debora alipokufa, jioni narudi, nakuta kikombe chake pale nilipokiacha asubuhi. Ile fomu ilipokaa mbele yangu na nafasi ile tupu, mkono ulikwenda wenyewe. Nilipomaliza niliusoma mstari ule mara nyingi. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile kwenye karatasi ya ofisi, na nimeshika karatasi maisha yangu yote. Jina langu la pale nitaliondoa kwa kiapo. Ni wizi, na nimeukiri kwa padre.

Lakini la Debora sikuliiba, na hapo mimi ndiye nimeudhika. Uliniambia nisimuulize Skolastika. Sikumuuliza. Siku aliyoniletea karatasi zako alikaa kwenye kile kiti cha Debora cha jikoni, akalia, akasema mwenyewe. Sitaki kumgombanisha na wewe, kwa hiyo sitaandika alichosema. Wewe unakijua. Nimesubiri tangu Machi uniambie kwa mdomo wako, na kila barua unaniandikia "alinyonya, mimi niliona." Nani alinyonya kwa jina la nani, dada? Umenitukana barua tatu, nimekubali, nilistahili. Lakini kama nimeiba mimi, sikuiba peke yangu.

Ndugu yako,
Apolinary


Butiama, 14 Julai 2024

Apolinary,

Salamu baadaye.

Barua yako ilinitia hasira nikaiweka chini ya godoro siku tano. Siku ya sita nikamwambia Justina kaa tumjibu. Nikaanza: "Skolastika ni mwongo." Justina hakuandika. Nikasema andika. Akaweka kalamu mezani akanitazama. Huyu mtoto wa watu tangu amekuja hapa hajanijibu hata neno. Akasema, "Mama, titi lilikuwa langu."

Nikasema nini?

Akasema, "Titi lilikuwa langu, mtoto alikuwa kifuani kwangu. Nimeandika uongo barua mbili kwa sababu ni heshima. Ya tatu siandiki. Na mtoto ana mama, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nataka aitwe nani. Mnagombana na karatasi tu."

Nilimfokea. Nilisema mengi ambayo hatayaandika hapa kwa sababu ana adabu kuliko mimi. Nikatoka nikaenda zizini, nikakaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Nikarudi ndani nikamwambia, chukua kalamu, andika hivi.

Tulimwita Wankuru kwanza. Aligeuza uso. Tukaita shangazi, tukaita bibi, anageuza uso na kulia. Nikaita Wankuru tena, akageuza. Skolastika akasema, "Mjaribuni Debora." Nikasema Debora si wa kwetu. Akaita hata hivyo. Mtoto akashika titi, Apolinary. Akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikasema, nyamazeni, hatukusikia vizuri. Nikamtoa titini. Nilimtoa mtoto mwenye njaa ya siku tatu titini kwa mikono yangu hii. Nikaita Wankuru, nikamrudisha. Angefanya nini? Hata ningeita jina la mbuzi angenyonya. Nikasema mmeona? Wakasema tumeona, maana ni nyumba yangu na chakula ni changu.

Nilifanya hivyo kwa ajili yako. Hukuja kwenye ndoa yangu. Nikasema, yule mwanaume hataletewa jina la mke wake kwenye nyumba aliyoitemea mate. Nilitaka ukose. Sikujua Skolastika atakuambia, na sikujua una njaa na jina hilo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilianzia hapa ikaishia jikoni kwako.

Sasa nikuambie lingine ambalo hulijui, na hili nilikuwa nimekusudia kufa nalo, kwa sababu niliapa. Siku ya ndoa yangu na Justina, mke wako alikuaga kwamba anakwenda Bunda kumwona dada yake, si ndiyo? Hakwenda Bunda. Alishuka hapa saa nne asubuhi na kanga mpya mbili na beseni la sato. Ndiye aliyemvika Justina kanga. Ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, mimi nikiwa nimesimama kama gogo nawaza watu wanasemaje. Nikamwuliza, Apolinary akijua? Akasema, "Wifi, yule ananipenda, ila anaogopa watu. Usimwambie, ataona aibu mara mbili." Akasema pia, "Akija mtoto, mje mniambie wa kwanza." Hakumwona.

Kwa hiyo mtoto alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Bado nina hasira na wewe, usidhani imeisha. Nimekosa jina la kwanza, ni kweli. Lakini la katikati sikuachii, si kwa machozi, si kwa padre, si kwa kikombe cha marehemu. Mimi nimelilipia kwa kusemwa na watu wakiwemo ndugu zangu. Nimemwuliza Justina, safari hii nimemwuliza kweli, wewe unataka nini? Akasema, "Debora Boke Mugeta. Lile aliloliitikia mwenyewe, na nyumba tunayolala, na aliyeijenga." Basi ndivyo litakavyoandikwa. Jina lako halimo.

Jumanne tarehe 23 tutakuwa pale ofisini saa tatu, mimi, Justina na mtoto. Uje na kitambulisho chako, na uvae lile koti la ukatibu, maana utaapa mbele yangu kwamba wewe si baba wa mtu, nami najua hilo litakuuma. Nitakushika mkono ukiapa. Tukitoka hapo tunakuja Nyasho kuliona hilo jiko. Mwanaume mzima anasogeza sufuria!

Salamu sasa. Mguu una nafuu. Mtoto ana meno mawili, anang'ata. Anasalimia watu wote kwa kuwavuta pua. Tumekuwa tukimwita Wankuru tangu Februari, na kwa jina hilo, nikuambie ukweli wote, hajageuka hata siku moja. Nilikuwa nasema ni masikio. Nikataka kumpeleka hospitali.

Ukija usimbebe kwanza. Simama nyuma yake, umwite jina la mke wako mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Utaona anavyogeuka.

Dada yako,
Boke

Mwandishi, Justina. Shikamoo mjomba. Kiti cha jikoni usikiondoe, nitamnyonyeshea hapo.